Nani Ampe Jina Mtoto wa Shomari

Waliokuwapo Mahakama Kuu siku ile ni hawa. Jaji Perusi, mama mwenye mvi, juu kwenye kiti chake. Karani wake, chini yake kidogo. Wakili Eliamani, dada mwembamba aliyevaa joho lililopauka mabegani. Bwana Mhando, wakili wa Serikali. Afande Sengondo, mkuu wa kituo kikubwa cha polisi. Koplo Ngwali, askari wake, amesimamishwa mlangoni. Mwanahawa, mimba yake imefika kifuani. Bi Pili, mama mkwe wa Mwanahawa, amepakata bakuli la bati lililofunikwa kawa. Na nyuma kabisa sisi majirani, tumebanana kwenye mabenchi, mimi nikiwa na mwanangu titini.

Asiyekuwapo alikuwa mmoja tu, Shomari mume wa Mwanahawa, na kwa ajili yake sote tulikuwa pale.

Nisikilizeni vizuri, wakubwa na watoto, maana mwishoni nitawauliza, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Katika hao niliowataja, watatu walikuwa na vipaji vyao. Wakili Eliamani alijaliwa kutochoka kuuliza. Ukimjibu kwa jeuri alikuuliza tena taratibu, kana kwamba mara ya kwanza hukusikia vizuri. Koplo Ngwali alijaliwa malezi. Hakuweza kumpita mtu mzima bila kumwamkia, wala kumwona mwanamke amejitwisha mzigo asimtue. Jaji Perusi alijaliwa kusikiliza. Alikutazama ukisema, akanyamaza, akaendelea kunyamaza, mpaka mwenye uongo ukamkauka mdomoni.

Sasa Shomari. Kazi yake ilikuwa kutangaza. Alikuwa na baiskeli, na nyuma ya baiskeli kipaza sauti. Mtu akifa, Shomari alizunguka mitaa yote akitaja jina la marehemu na saa ya maziko. Mtoto akipotea, mbuzi akipotea, Shomari. Mpwa wangu aliwahi kupotea siku ya soko, na aliporudishwa alisema hakulia, kwa sababu alimsikia Mjomba Shomari akilitaja jina lake, akajua kwamba anatafutwa.

Halafu maji ya mtaa wetu yakakatwa. Bomba lilipelekwa kwingine, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Watu wakamwomba Shomari aite mkutano. Akapita na baiskeli yake: "Wananchi, kesho baada ya Alasiri, uwanja wa shule, tuje tuulizane habari ya maji." Basi. Hakutukana mtu.

Kesho yake, kabla hata ya Adhuhuri, gari likaja likamchukua yeye na baiskeli yake na kipaza sauti chake.

Nchi ile ilikuwa na sheria iliyoitwa Sheria ya Utulivu. Ndani yake mlikuwa na kifungu kimoja ambacho hata wanasheria walikitaja kwa sauti ya chini. Kilisema kwamba Serikali ikimwogopa mtu, yaweza kumweka ndani kwa muda inaoutaka, bila kumpeleka mahakamani, na bila kumwambia mtu yeyote kwamba inaye. Mtu anakuwa kama amefutwa.

Na Shomari alikuwa na pumu. Dawa yake ya kuvuta ilibaki dirishani, pale alipoiweka asubuhi.

Mwanahawa aliichukua ile dawa akaifunga kwenye pindo la kanga, akaanza kutembea. Alikwenda kituo kikubwa. "Hayupo." Akaenda vituo vidogo. "Hayupo." Akaenda hospitali, akaenda mpaka chumba cha maiti, na mlinzi wa pale, mzee ambaye hakumjua, alimshika mkono wakati wa kuingia na hakuuachia mpaka walipotoka. "Hayumo, mwanangu," alimwambia. "Kwangu hayumo. Kanywe maji." Mwanahawa alisema huyo ndiye mtu wa kwanza aliyemjibu akimtazama usoni.

Akarudi kituo kikubwa, kila siku, na chakula. Mnajua desturi ilivyo, aliye mahabusu hupelekewa chakula na ndugu zake. Mwenye ndugu hula na asiye na ndugu hulala na njaa. Kila siku Mwanahawa alisimama kaunta na bakuli lake, na kila siku Koplo Ngwali alimwamkia kwa adabu, akamwambia, "Dada, huyo mtu hatunaye." Akatazama pembeni. Mwanahawa akarudi na bakuli lake.

Siku moja miguu ilimvimba. Alikaa kwenye benchi la nje ya kituo, akaegemeza kichwa ukutani, na alipoinuka akaenda zake akalisahau bakuli pale chini. Wali na maharage, yamefunikwa.

Siku iliyofuata Koplo Ngwali alimpa bakuli lake mkononi. "Chombo chako, dada." Limeoshwa, limefunikwa. Mwanahawa hakulifunua. Alifika nyumbani, akalitua, akajilaza.

Bi Pili ndiye aliyefunua kawa. Ndani ya bakuli mlikuwa na ndimu.

"Mwanahawa," alisema. "Nani kakupa ndimu?"

"Ndimu gani, mama?"

Bi Pili alikaa sakafuni, bakuli mapajani, akaanza kulia kwa sauti mpaka tukaingia.

Kwetu, ukiletewa chakula, huwezi kumrudishia mtu chombo kitupu. Utatia chochote ulicho nacho, kitunguu, chumvi, hata majani ya mchaichai. Lakini kama chakula hakikumfikia mwenyewe, kama amesafiri au ameshakufa, chombo kinarudi kitupu, ili aliyeleta ajue. Hayo hatufundishwi shuleni. Mtoto wa kwetu anayajua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

"Kala," alisema Bi Pili. "Mwanangu yu hai. Kala chakula chako."

Tukatafuta wakili. Wa kwanza alisema ana homa. Wa pili alisema kesi za Sheria ya Utulivu hazifunguliwi, na akatuomba tutoke kwa mlango wa nyuma. Wakili Eliamani alituuliza jambo moja tu. "Nani analia usiku, mama au mke?"

"Wote," nikasema mimi.

"Basi naichukua."

Habari ikaenea. Mwenye nyumba aliyempangisha ofisi akamjia. "Dada Eliamani, mimi nakuheshimu, lakini na mimi nina watoto." Asubuhi tulikuta meza yake na viti vyake vimetolewa nje, kando ya barabara. Alikaa pale pale. Aliandika hati ya kesi ile akiwa kando ya barabara, mawe juu ya karatasi zisipeperuke, na muuza mahindi wa jirani akamsogezea mwavuli wake bila kusema neno.

Hati ile iliomba mambo mawili. La kwanza, Shomari aletwe mahakamani. La pili, kile kifungu kifutwe, kwa kuwa kinapingana na Katiba.

Mwanahawa hakulitaka la pili. "Dada wakili, mimi namtaka mume wangu. Mambo ya Katiba waachie wakubwa. Ukiwagusa huko watakasirika zaidi."

"Wakimtoa na kifungu kikabaki, watamrudisha wakitaka," alisema Eliamani. "Na asipokuwa yeye, atakuwa mwingine."

"Mwingine simjui."

"Najua humjui. Mke wake naye hakujui wewe."

Mwanahawa akaweka dole gumba kwenye hati. Na kweli lile la pili liliirefusha kesi. Siku ya kwanza Bwana Mhando alisimama akasema jambo la Katiba ni zito, Serikali inaomba muda wa kujiandaa. Jaji Perusi akawapa muda.

Tulitoka nje kama watu waliotoka kuzika. Mwanahawa alikaa kwenye ngazi za mahakama akisema maneno yale yale: "Muda anaowapa ni pumzi za Shomari. Muda anaowapa ni pumzi za Shomari." Karani akatoka, akamletea maji kwenye kikombe chake mwenyewe. Nilikiona, kina ufa kwenye mkono.

Ndipo ikafika siku ile niliyoanza nayo.

Bwana Mhando alisimama kwanza. Alikuwa na sauti nzuri, nadhani angeweza kuimba. "Mheshimiwa Jaji, Serikali haijui alipo huyu Shomari. Wanaume huondoka majumbani, hasa mke anapokuwa katika hali hii. Si jambo geni."

Bi Pili akasema kwa sauti, "Ebo!" Karani akamkazia macho.

Afande Sengondo akapanda kizimbani, akaapa. Hamjui Shomari. Hajamwona. Chakula cha mtu huyo hakijawahi kupokewa kituoni.

Eliamani akachukua bakuli kwa Bi Pili, akalifunua. Ndimu zilikuwa zimeanza kukauka.

"Afande, hapo kituoni kuna mndimu?"

"Upo. Nyuma ya mahabusu."

"Raia wanafika nyuma ya mahabusu?"

"Hawafiki."

"Ndimu hizi zilirudi ndani ya bakuli la mama huyu kutoka kituoni kwako. Chakula alikula nani?"

"Walevi. Mbwa. Mimi nitajuaje?"

"Wewe ni mtu wa hapa, afande?"

"Nimezaliwa hapa hapa."

"Kwenu, bakuli alilokulia mbwa hurudishwa na ndimu?"

Watu wakaguna. Bwana Mhando akaruka: "Mheshimiwa, tumekuja kwenye sheria au jikoni? Huo si ushahidi. Aliyerudisha bakuli ni nani? Atajwe, aje aseme."

Ilikuwa kweli. Eliamani akamgeukia Mwanahawa, naye akasimama kwa kushika benchi. Kabla hajaulizwa, Jaji Perusi alimwambia karani, "Feni ile igeuzwe upande wa yule mama." Kisha akamtazama. "Unamkumbuka aliyekupa bakuli?"

"Namkumbuka, mheshimiwa."

"Yumo humu?"

Mwanahawa alitazama sakafu. Jasho lilikuwa likimtoka kwenye nyusi. Pale alipokuwa amesimama, alichopaswa kufanya ni kuinua kidole tu, na mume wake angepatikana. Sote tulijua. Nilimwona Bi Pili akiminya kanga yake, akitaka kupiga kelele.

"Mheshimiwa," alisema Mwanahawa, "aliniheshimu wakati wengine walinifukuza. Ana watoto, niliwaona wakicheza kwenye kota za polisi. Sitamtaja."

"Mwanahawa!" akalia Bi Pili. "Mwanangu anakufa!"

"Najua, mama." Akakaa. Akafunika uso kwa kanga.

Bwana Mhando akakunja karatasi zake. "Basi, mheshimiwa, hakuna ushahidi. Tunaomba shauri litupwe."

Jaji Perusi hakusema kitu. Alinyamaza kama anavyonyamaza yeye. Alitazama bakuli, akamtazama Afande Sengondo, akatazama mlangoni. Hakukaripia, hakuuliza. Mwanangu akaacha kunyonya, na mlio mdogo wa midomo yake nikausikia mkubwa.

Ndipo buti zikasikika. Koplo Ngwali alitoka mlangoni akaja katikati, akavua kofia.

"Ni mimi."

"Koplo!" alisema Afande Sengondo. "Rudi mlangoni!"

"Mahakama inamsikiliza," alisema jaji.

Koplo Ngwali alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili. "Mheshimiwa, sitaki kujisifu. Nimemwambia huyu dada uongo kila siku. Mlango wa chumba alichomo mume wake funguo ninazo mimi. Siku ile nilikuta chakula nje, nikampelekea, kwa sababu alikuwa hapumui vizuri na alikuwa hajala. Akala kidogo. Nikaosha chombo. Kutia ndimu sikukusudia, mkono ulifanya wenyewe. Ndivyo nilivyolelewa. Nilipokumbuka, dada alikuwa ameshaondoka. Nimekaa siku zote hizi nikiomba Mungu wasielewe." Akamtazama jaji. "Yupo, mheshimiwa. Chumba cha mwisho, kisicho na dirisha. Mkichelewa hamtamkuta."

Kelele zilizotoka humo ndani sijui kama zilikuwa za furaha. Bi Pili alianguka, nikamshika kwa mkono mmoja.

Bwana Mhando hakushindwa upesi. Akasema sawa, na awepo, kifungu kinairuhusu Serikali kumweka na kutosema. Sheria ilipitishwa na Bunge. Jaji hana mamlaka ya kuifungua milango ambayo Bunge limeifunga.

Wakati huo mlango wa nyuma ya kiti cha jaji ukafunguliwa, akaingia bwana mmoja wa ofisini, akamnong'oneza. Jaji Perusi akamjibu kwa sauti ambayo sote tuliisikia: "Mwambie anayepiga simu kwamba jaji yuko kazini." Yule bwana akabaki amesimama. "Nenda, baba," akamwambia kwa upole. "Usiogope. Mwambie nimesema mimi."

Akaamuru Shomari aletwe saa ile ile. Hakuondoka kitini. Wala sisi hatukuondoka.

Walimleta askari wawili, wamemshika makwapa. Jamani. Shati lile lile alilochukuliwa nalo. Midomo imekuwa rangi ya majivu, na kila pumzi ilikuwa na mlio kama mlango mbovu. Mwanahawa hakungoja ruhusa. Alifungua pindo la kanga, akaipata dawa, akamwekea mdomoni, na jaji akageuza uso akajifanya anasoma.

Kisha akasoma hukumu, na nilivyoielewa mimi ni hivi. Serikali imepewa nguvu na watu, na inazihitaji, maana wezi wapo na wauaji wapo. Lakini Katiba, ambayo ndiyo iliyoizaa Serikali yenyewe, inasema anayekamatwa aambiwe kosa lake, na apelekwe mbele ya hakimu upesi, na ndugu zake wajue alipo. Bunge haliwezi kuiondoa haki hiyo kwa kifungu kidogo. "Mtu hawezi kuwa siri ya Serikali," alisema. "Kifungu hiki kimepingana na Katiba na kuanzia sasa hakina nguvu. Shomari yuko huru. Na kila aliyewekwa ndani kwa kifungu hiki, popote alipo katika nchi hii, aletwe mbele ya hakimu au aende kwao."

Wiki ile milango ilifunguliwa katika vituo vingi, na wakatoka watu ambao wake zao walikuwa wameshakaa eda.

Ningeweza kuishia hapo mkashangilia. Lakini malipo ya watatu wale yalifika haraka.

Koplo Ngwali alifukuzwa kazi kesho yake kwa kuacha lindo. Kota alitolewa siku hiyo hiyo, mke na watoto na magodoro. Mwanamke mmoja wa mtaa wetu, ambaye mwenyewe ana chumba kimoja, aliwapokea.

Wakili Eliamani alinyang'anywa kibali cha uwakili. Walisema aliidharau mahakama kwa kuleta bakuli lenye ndimu zilizooza.

Jaji Perusi alihamishwa, akapewa ofisi isiyo na kesi. Alikaa humo akitazama ukuta, akaandika barua ya kuacha kazi. Wenzake hawakumwandalia hata chai ya kumuaga.

Na Shomari alirudi nyumbani, lakini sauti haikurudi. Daktari aliyapima mapafu yake, akamwita Mwanahawa nje, akamwambia ukweli. Mapafu yamekaa bila dawa muda mrefu mno. Mwanahawa alirudi ndani akiwa amenawa uso. Shomari akamtazama, akajua.

Mtoto akazaliwa, mvulana, mzima. Siku ya saba ikafika.

Katika mji wetu mtoto hupewa jina na mtu mmoja. Huyo humpakata, humnong'oneza jina sikioni kabla halijasikiwa na mwingine, na tangu hapo ni mzazi wake wa pili. Baba akifa, huyo ndiye anayesimama. Hapewi watu wawili, kwa sababu sikio la mtoto hunong'onezwa mara moja tu. Na siku ile kila mtu aliyeingia uani alijua kwamba mzazi wa pili wa mtoto huyu hatangoja sana kuwa wa kwanza.

Waliitwa wote watatu. Jaji Perusi alikuja na gauni la kawaida, nusura nisimjue. Eliamani alikuja na kitambaa cha flana cha mtoto, alichokishona mwenyewe, vibaya. Koplo Ngwali alikuja na ndoo mbili za maji begani, kwa kuwa bomba la mtaa wetu lilikuwa bado limekatwa.

"Semeni nani," alisema Bi Pili. "Maji ya kumnyoa yanapoa. Na mkimpa jina refu la mjini nitalifupisha mwenyewe jikoni."

Tukacheka kidogo. Kisha tukaacha.

Mwanahawa alisema kwanza. "Mimi nasema dada wakili. Wengine walitutoa kwa mlango wa nyuma. Asingeandika, koplo angesema wapi, na jaji angesikiliza nini?"

"Na nani aliirefusha kesi?" alisema Bi Pili. "Tuliomba mtu, yeye akaomba na Katiba. Siku alizokaa mwanangu mle ndani kwa ajili ya Katiba, nani atazirudisha? Mimi nasema koplo. Alimlisha. Alisema alipo. Karatasi hazikumfungua mwanangu, alifunguliwa na huyu."

"Alimfungua kwa funguo zile zile alizomfungia," alisema Mwanahawa, si kwa ukali. Koplo akainamisha kichwa. "Mama, mimi sikumtaja kwa sababu nilimwonea huruma, na huruma hiyo sijaijutia. Lakini kila siku aliniambia hayupo."

Eliamani akasema, "Mimi ilikuwa kazi yangu. Mpeni mwingine." Lakini alikuwa akimtazama mtoto, na mikono yake ilikuwa imeshakaa kama ya mtu anayepakata.

"Mimi sitasema mpeni mwingine," alisema Koplo Ngwali. "Naomba mnisamehe. Naona aibu, lakini nataka. Nimeharibu kazi yangu, wanangu wanalala sakafuni kwa watu. Nikipata kitu kimoja tu cha kuwaonyesha kwamba baba yao alifanya la maana, kiwe hiki. Nitamlea. Sina mali ila nitamlea."

Bi Pili akamsogezea nafasi kwenye mkeka.

Shomari akainua mkono kutoka kitandani, alikolazwa pale uani. Mwanahawa akainama, akatega sikio mdomoni mwake, kisha akatuambia alichosema. Sasa yeye ndiye aliyekuwa kipaza sauti chake.

"Anasema jaji. Anasema wakili alimtetea yeye, na koplo alimwonea huruma yeye. Jaji aliwafungulia hata wale ambao hakuna aliyewapelekea bakuli. Anasema mle ndani alikuwa akiwasikia wakikohoa."

Jaji Perusi alikuwa amekaa kwenye mkeka na sisi. "Shomari," alisema, "mimi ndiye niliyewapa muda. Sheria iliniruhusu kuwapa, nami nikawapa. Ningekataa siku ile, leo ungekuwa unajisemea mwenyewe." Akafuta macho kwa kiganja. "Na mimi ni mzee. Nikimnong'oneza jina, atazika wazazi wawili kabla hajakua."

Mtoto akaanza kulia. Mwanahawa akamwinua, akasimama naye katikati ya watatu wale, akimtazama huyu, akimtazama yule, na wao wote watatu wakanyoosha mikono bila kujua.

Sasa ni zamu yenu, wasikilizaji. Bila aliyeuliza, kesi isingekuwapo. Bila aliyekiri, ushahidi usingekuwapo. Bila aliyesikiliza mpaka mwisho, hukumu isingekuwapo. Kila mmoja alipoteza alichokuwa nacho, na kila mmoja ana doa lake. Mtoto ni mmoja, na sikio lanong'onezwa mara moja. Ingekuwa wewe ndiye Mwanahawa, umesimama pale uani, mtoto analia na mumeo anakutazama, ungemweka mikononi mwa nani?

Semeni. Mkikosana msigombane, semeni tu kwa nini.

Shomari alifariki kabla ya mfungo wa Ramadhani, na watoto wa mtaa ndio waliopita nyumba kwa nyumba kutangaza saa ya maziko.